Karamojo Bell: Alipasua fuvu kwanza, ndipo akachagua risasi

Kuna video moja nimeitazama mara tatu wiki hii, na mimi si mwindaji. Jamaa fulani huko Marekani ametundika karatasi kubwa kwenye mbao, katikati amechora kichwa na shingo ya bata mzinga. Anarudi nyuma yadi 40, kama mita 37 hivi, anafyatua bunduki ya marisau. Kisha anaiendea karatasi na kuanza kuhesabu matundu. Moja moja, kalamu mkononi. Akimaliza anafungua kile kipande cha chuma kinachobana mdomo wa mtutu, wao hukiita choki, anaweka kingine. Anatia risasi za kampuni nyingine, anatundika karatasi mpya, anaanza upya.

Ukimwona utadhani hana kazi ya kufanya. Lakini sababu yake ni rahisi. Bunduki hiyo haitoi risasi moja, inamwaga chembe nyingi kwa mpigo, na bata mzinga wa porini hulengwa kichwani na shingoni, mahali padogo sana. Choki ikilegea, chembe zinatawanyika na ndege anaondoka na majeraha. Ikibana kupita kiasi, nazo zinaweza kuvurugana. Bunduki mbili za muundo mmoja, kutoka kiwanda kimoja, zinaweza kupiga tofauti kwa risasi zilezile. Boksi la dukani linaahidi mambo mengi, ila karatasi ndiyo inasema ukweli.

Hapa kwetu Langas bata mzinga tunaowajua ni wale wa majirani, wanaotembea pale Kisumu Ndogo vifua mbele kama wenye ploti. Uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku Kenya mwaka wa 1977. Kwa hivyo usiniulize ninataka kumpiga nani.

Nilinaswa na ile kalamu. Mwaka mmoja baada ya kuacha chuo, nilichukua mkopo wa chama nikanunua kamera kubwa ya mitumba, ile yenye lenzi kama bomba la maji. Nilikuwa nimeambiwa kamera ndiyo kazi. Sikuwa nimejaribu kupiga picha hata harusi moja. Beste yangu, kwa simu ya kawaida iliyopasuka kioo, alikuwa amekaa miezi akijifunza mwanga unaingia vipi kanisani saa nne asubuhi na saa nane mchana. Nadhani unajua nani alipata kazi za harusi na nani aliuza kamera kwa hasara ili alipe chama.

Kwa hivyo wacha nikupe hadithi ya mtu aliyefanya lile jambo la karatasi na kalamu miaka zaidi ya 100 iliyopita, tena upande wetu huu, na mnyama wake hakuwa bata. Alikuwa ndovu. Ni hadithi ambayo nusu yake nimeipenda na nusu yake imeninyima usingizi.

MTOTO ALIYEKIMBIA SHULE

Jina lake kamili ni Walter Dalrymple Maitland Bell. Alizaliwa Scotland mwaka wa 1880, karibu na Edinburgh, katika familia kubwa yenye utajiri wa migodi. Mama yake alifariki akiwa na miaka miwili, baba yake akamfuata Bell akiwa na sita. Akalelewa na kaka zake wakubwa, ambao hawakujua wamfanye nini.

Shule ilimshinda. Au tuseme yeye na shule walishindana, kila mmoja akaenda zake. Alitoroka zaidi ya mara moja, na akiwa na miaka 13 tayari alikuwa baharini kama kijana wa melini. Kichwani alikuwa na wazo moja tu: kuwinda ndovu Afrika.

Hapa nilijiona nikiitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili. Halafu nikajikumbusha kwamba kuacha shule ukiwa na familia yenye migodi si sawa na kuacha chuo kwa sababu karo imeisha. Tusidanganyane.

Kabla hajatimiza miaka 18 alikuwa ameshafika Mombasa. Wakati huo Waingereza walikuwa wanajenga reli ya Uganda, ile iliyoanza Mombasa mwaka wa 1896 na kufika Kisumu mwaka wa 1901. Simba walikuwa wakiwala wafanyakazi, hasa vibarua waliotolewa India, na kazi ya kwanza ya Bell ilikuwa kuwapiga simba hao risasi.

GANDA LILILOKWAMA

Bunduki aliyokuja nayo ilikuwa ya .303, imetengenezwa na fundi wa Edinburgh aitwaye Fraser. Ilikuwa bunduki safi, lakini ya risasi moja moja: unapiga, unafungua, unatoa ganda, unatia nyingine. Kule Scotland ilifanya kazi bila shida. Huku kwetu joto liliifanya ganda likwame baada ya mlio. Fikiria uko mbele ya simba, umekosa, na ganda limegoma kutoka.

Hilo ndilo lilikuwa somo lake la kwanza, na hakulisahau maisha yake yote: kitu kilichojaribiwa mahali pengine bado hakijajaribiwa. Kuanzia hapo Bell hakuamini tena sifa za fundi wala za duka. Aliamini alichokiona mwenyewe, katika nchi ambayo kingetumika.

Kazi ya reli haikumpeleka kwa ndovu. Akaondoka akaenda Kanada, kwenye kimbunga cha dhahabu cha Klondike. Dhahabu hakupata, akaona afadhali kuwinda nyama na kuwauzia wachimbaji wa mji wa Dawson. Alikuwa na mshirika wa kupeleka nyama sokoni. Mshirika huyo akatokomea na pesa za msimu mzima. Bell akabaki na bunduki yake tu, naye akaiuza. Ili apate njia ya kurudi Afrika alijiunga na kikosi cha Kanada kilichokuwa kikienda Vita vya Makaburu kule Afrika Kusini. Huko farasi wake aliuawa akiwa juu yake, akatekwa, akatoroka.

Vita vilipoisha mwaka wa 1902, akarudi upande huu. Alikuwa na miaka 22. Umri huo mimi nilikuwa nalipia kamera ambayo sina.

KUTOKA MUMIAS KWENDA KASKAZINI

Pembe za ndovu zilikuwa biashara moto. Huko Ulaya na Marekani zilitengenezewa vitufe vya piano na mipira ya biliadi. Lakini katika maeneo ambayo serikali ya kikoloni ilikuwa imeshayashika, leseni ya mwindaji ilimruhusu ndovu wachache tu. Bell akauliza watu: wapi serikali haijafika? Akaambiwa Karamoja, kaskazini mashariki ya Uganda ya leo, jirani na Turkana na Pokot.

Njia ilianzia Mumias. Ndiyo, Mumias hii yetu ya miwa. Enzi hizo ilikuwa kituo cha mwisho cha misafara. Waswahili, Waarabu na Wabaluchi walipita hapo na wapagazi wao, wakazunguka mlima Elgon kuelekea kaskazini kutafuta pembe. Sisi wa Eldoret tukisimama mahali palipoinuka siku isiyo na mawingu tunauona Elgon kule upande wa magharibi. Nyuma yake ndiko Bell alikokwenda, na ndiko alikopata jina la utani lililomfuata hadi kaburini: Karamojo Bell.

Alikuta nchi ambayo silaha zilikuwa zimeshaivuruga. Wafanyabiashara waliotangulia walikuwa wamewauzia watu bunduki, wengine walikuwa wanateka mifugo na kuibadilisha na pembe. Bell alijiweka kando nao, akapiga kambi yake mbali, akatangaza bei yake: yeyote atakayeleta habari ya mahali walipo ndovu, na habari hiyo ikamwezesha kuua madume watano au zaidi, atalipwa ng'ombe. Kwa Wakaramojong ng'ombe ni mali, mahari, jina na heshima kwa pamoja. Habari zikaanza kumiminika.

NDANI YA KICHWA CHA NDOVU

Sasa tufike kwenye karatasi na kalamu.

Wakati ule kila mwindaji mwenye pesa alijua ukweli mmoja: mnyama mkubwa, bunduki kubwa. Kulikuwa na bunduki za mitutu miwili zenye uzito wa kilo saba, na risasi moja ya zile za .600 ilikuwa na uzito wa karibu gramu 58. Mwindaji hakubeba hiyo kitu mwenyewe. Alikuwa na mtu wa kumbebea, na alipopiga bega lake lilijua. Rais mstaafu wa Marekani, Theodore Roosevelt, alipokuja kuwinda hapa kwetu Uasin Gishu mwaka wa 1909, alikuwa na bunduki ya Holland & Holland ya mitutu miwili, zawadi kutoka kwa Waingereza. Ndivyo watu wakubwa walivyowinda.

Bell naye alianza na moja ya hizo, ya .450/400, pamoja na .303 ya kawaida. Badala ya kuamini ipi ni bora, alizitumia zote mbili akaangalia kinachotokea. Alichokiona kilimshangaza. Ndovu aliyepigwa mahali sahihi alianguka papo hapo, iwe kwa bunduki kubwa au ndogo. Aliyepigwa mahali pabaya aliondoka zake, iwe kwa kubwa au ndogo. Ukubwa wa bunduki haukumfidia mtu aliyekosa mahali.

Kwa hivyo swali likabadilika. Halikuwa tena risasi gani. Likawa: mahali sahihi ni wapi hasa?

Akaenda kutafuta jibu ndani ya fuvu. Alichukua kichwa cha ndovu aliyekufa akakipasua katikati kwa msumeno, juu hadi chini, akachora alichokiona. Sehemu kubwa ya kile kichwa ni mfupa wenye vyumba vingi vya hewa, kama sega la nyuki. Ukipiga humo umepiga nyumba isiyo na mtu. Ubongo wenyewe, wenye uzito wa kilo tano hivi, umejificha chini na nyuma zaidi ya pale ambapo macho yako yatakuambia.

Nilitaka kuona jambo hilo kwa macho yangu. Ndovu sina, lakini Langas ina supu ya kichwa. Kuna mzee mmoja ninayekunywa supu kwake, nikamwomba asubuhi moja anionyeshe anavyopasua kichwa cha ng'ombe. Alinicheka kwanza, akaniuliza kama siku hizi nimehamia udaktari. Halafu akaniambia niweke kidole pale ninapodhani ubongo upo. Nikaweka katikati ya macho, kwa ujasiri kabisa. Mzee akatikisa kichwa, akaweka chake juu zaidi, akashusha shoka. Ubongo ulikuwa pale pake. Mimi ningepiga pua. Nimekula nyama ya kichwa tangu utotoni na sikuwahi kujua.

Baada ya fuvu lile Bell alijua mistari yote. Alijua mahali pa kulenga ndovu akiwa ubavu, akiwa amekuelekea, hata akiwa anakuacha. Ile pembe ngumu ya kutoka nyuma kwa mshazari, inayopita kwenye misuli ya shingo hadi ubongoni, mpaka leo wawindaji huiita kwa jina lake.

Ndipo akachagua risasi. Risasi laini zinazofunguka kama ua zikigusa nyama hakuzitaka kabisa, kwa sababu zinavunjika kabla ya kufika ndani. Alitaka risasi ngumu, ndefu na nyembamba, iliyovikwa chuma, inayokwenda moja kwa moja bila kupinda. Bunduki aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Rigby, .275, upana wa milimita saba tu. Risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 11, yaani kama sehemu moja ya tano ya ile ya .600. Kwa kimo hicho watu wengine huwinda swala.

Hakuishia hapo. Alijaribu pia .318, bunduki nzuri tu, lakini risasi zake zilimwangusha, nyingine zikakataa kulipuka. Risasi za Kijerumani za ile .275 hazikumsaliti, akabaki nazo. Faida nyingine alizipata njiani. Bunduki nyepesi aliibeba mwenyewe siku nzima, akawa anailengesha bila risasi kwa kila kitu alichokiona njiani, mpaka ikawa kama mkono wake. Mlio wake ulikuwa mdogo, kwa hivyo ndovu mmoja alipodondoka wenzake mara nyingi hawakujua hatari iko upande gani. Na risasi zilikuwa bei nafuu, nyepesi kwa wapagazi.

Kila risasi aliandika. Kila ndovu aliandika. Kwake hii ilikuwa biashara, na daftari lilikuwa sehemu ya zana. Alikadiria kwamba kwa kila dume aliyemuua alitembea wastani wa maili 73, kilomita 117. Hiyo ni kama kutoka Eldoret hadi Kisumu kwa miguu, kwa ndovu mmoja. Mwaka mmoja alimaliza jozi 24 za viatu.

Na hapa niweke onyo, kwa sababu najua akili zetu vijana. Anayenunua .275 kwa sababu Bell aliitumia amenunua chuma tu. Nchi kadhaa za Afrika ambazo bado zinaruhusu uwindaji zimeweka .375 kuwa kima cha chini kwa ndovu, na zina haki. Siri haikuwa bunduki ndogo. Siri ilikuwa ule msumeno, lile daftari na zile kilomita.

UPANDE WA PYJALE

Ukisoma habari za Bell, nyingi zimetoka kwake mwenyewe. Alichapisha kitabu mwaka wa 1923 na kingine mwaka wa 1949, na cha tatu kilitoka mwaka wa 1960 akiwa ameshakufa. Kwa hivyo tunamwona jinsi alivyotaka tumwone. Lakini hata katika vitabu vyake kuna mtu anayejitokeza, na huyo ndiye ningependa kumjua zaidi.

Jina lake aliliandika Pyjale. Alikuwa Mkaramojong, mfuatilia nyayo, mwenye mkuki. Bell alimsifu sana kwa macho na miguu yake na kwa kutokuwa na hofu, na walitembea pamoja kwa muda mrefu. Fikiria kidogo. Bell alijua ubongo uko wapi ndani ya kichwa. Lakini kichwa chenyewe kiko wapi ndani ya Karamoja yote? Nyayo hizi ni za jana au za asubuhi? Dume huyu ni mzee au kijana, ana pembe nzito au nyepesi, anaelekea maji yapi? Hayo hayakuwa kwenye fuvu. Yalikuwa kwa Pyjale, na yeye hakuyapata kwa msumeno. Aliyapata kwa kukua pale, kwa baba na babu.

Zile kilomita 117 kwa kila ndovu, Pyjale alikuwa mbele. Wapagazi kutoka Mumias walikuwa nyuma, na pembe mabegani. Daftari la Bell linajua idadi ya risasi kuliko linavyojua majina yao. Tunajua risasi ilikuwa na uzito wa gramu ngapi. Hatujui Pyjale alizaliwa mwaka gani, alikufa lini, wala kama ana wajukuu huko Moroto wanaosikia habari za babu yao.

Sisemi Bell alikuwa mbaya kuliko wenzake. Kwa viwango vya wakati wake alilipa alichoahidi na hakuteka mifugo ya watu. Ninasema tu kwamba anapoitwa bingwa wa kuwinda peke yake kwa bunduki ndogo, lile neno peke yake si kweli.

LADO, VITA NA UZEE

Karamoja ilipoanza kuwekewa sheria, akasonga mbele. Kulikuwa na eneo liitwalo Lado, magharibi ya mto Nile, lililokuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji kwa masharti kwamba akifa lirudi kwa Sudan. Leopold akafa Desemba 1909, na mwaka wa 1910 eneo likakabidhiwa. Wawindaji wengi waliingia huko kama wezi wakati wa makabidhiano. Bell alikuwa ameshawinda huko kwa leseni ya Wabelgiji. Baadaye akawinda Liberia na makoloni ya Wafaransa.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza alijifunza urubani. Wakamtuma Afrika Mashariki, kupeleleza kutoka angani dhidi ya Wajerumani huko Tanganyika. Ndege zilikuwa na kiti cha mtu wa pili wa kuangalia chini, lakini Bell alipenda kuruka peke yake, apate nafasi ya kupiga bila mtu kumkinga mbele. Baadaye akapelekwa Ulaya, upande wa Salonika, na akapata nishani ya MC mara mbili.

Vita vilipoisha alirudi kwa safari chache zaidi, pamoja na moja ya mtumbwi kwenye mto Bahr Aouk, karibu na Chad. Kisha akakaa Scotland na mkewe Kate, mahali paitwapo Corriemoillie, akiwinda paa wa milimani na kusafiri kwa mashua ya tanga. Alifariki mwaka wa 1954 kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 73. Kwa mtu aliyesimama mbele ya ndovu wengi hivyo, kufa nyumbani ilikuwa kama kushinda bahati nasibu.

1,011

Hiyo ndiyo hesabu ya mwisho ya daftari. Ndovu 1,011, wote madume isipokuwa 28.

Nimejaribu kuifikiria hiyo namba kwa njia nyingi. Wapange mstari mmoja, kila mmoja mita sita tu, utapata foleni ya kilomita sita. Kutoka Langas unavuka mji wote wa Eldoret na bado mkia haujaisha. Na yeye alichagua madume wenye pembe nzito zaidi, maana yake wazee, wale waliojua maji yako wapi wakati wa kiangazi.

Hapo ndipo usingizi ulipoisha. Nilianza kumsoma Bell nikitafuta mtu wa kuniambia jaribu kwanza, pima, andika, usinunue kwa kelele. Na kweli amenifundisha hivyo kuliko mwalimu yeyote. Lakini njia ile ile iliyomfanya awe stadi ndiyo iliyomfanya amalize wengi hivyo. Mwindaji asiyejua mahali pa ubongo angeua 50, akachoka au akakanyagwa. Ustadi wa Bell ndio uliofikisha 1,011. Fuvu lilimjibu kila swali la wapi na kwa nini gramu 11 zinatosha. Swali la kwa nini ndovu huyu afe ili mtu wa London apate kitufe cha piano halikuwa swali la fuvu, na daftari halikuwa na safu yake.

Hatukumaliza na Bell. Eldoret yetu hii ndiyo yenye kiwanda cha risasi cha taifa, Kenya Ordnance Factories Corporation. Mwaka wa 1989 Rais Moi alichoma tani 12 za pembe, na mwaka wa 2016 Rais Uhuru akachoma tani 105, ili dunia ione kwamba pembe isiyo kwenye ndovu haina bei kwetu. Ndovu wenyewe wako bado kule kwa Pyjale, ndani ya hifadhi ya Kidepo, iliyotengwa mwaka wa 1962. Bado sijafika. Nauli ndiyo kikwazo.

Yule jamaa wa bata mzinga bado yuko kwenye skrini yangu, ametundika karatasi ya tano. Namheshimu, kwa sababu anahesabu matundu ili ndege asiondoke na majeraha. Nami nina daftari siku hizi. Kabla ya kununua kifaa chochote naandika kwanza nimejaribu nini, mara ngapi, kukatokea nini. Halafu, chini ya ukurasa, nimeongeza safu moja ambayo Bell hakuwa nayo: na nikifaulu, nani atalipa?

Safu hiyo huchukua muda mrefu kuijaza kuliko zote.